Sentimita Arubaini na Mbili

Fundi wa Sanaiya alitaka riyali sitini
na siku tatu gari lilale kwake.
Nikamwambia: bwana, mikono ninayo,
sina riyali tu.

Basi ni mimi na shemeji yangu Sleyum, uani, Mabela,
saa nne ya usiku, mwezi wa Agosti,
vigae bado vina homa ya mchana
na jasho linatuchora ramani mgongoni.
Butini mwa Kamri kuukuu nimetoa vyote:
zulia, tairi la akiba,
kokwa tatu za tende, baisa hamsini,
na kofia niliyomsingizia mpwa wangu kuiiba.
Nitamtaka radhi. Kesho.

Kwanza kipimo.
Nilileta kiti cha magurudumu cha mama,
nikakikunja, nikakilaza, nikasoma futi:
sentimita arubaini na mbili.
Hizo hazina mjadala.
Kitakachobaki ndicho cha besi.
Sleyum akacheka: "Hili sanduku la spika
au la kuwekea viatu?"
Haya, spika ya inchi kumi, si ya kumi na mbili.
Hata tamaa hukunjwa, ikaingia.

Duara nililichora kwa msumari na uzi.
Msumeno wa umeme ukapiga ukelele,
unga wa mbao ukanikaa kwenye nyusi,
nikazeeka kwa dakika tano.
Gundi, skrubu, silikoni kila ungio,
maana sanduku la besi ni kama siri:
likivuja, halina maana tena.

Waya wa umeme, mwekundu, mnene kama kidole cha mtoto,
nikaupitisha chini ya zulia upande wa dereva.
Nyaya za sauti upande wa pili, mbali.
Ukizilaza pamoja zinasengenyana,
na spika inapiga mluzi kila ukikanyaga mafuta.
Waya wa ardhi ndio ulionitoa roho:
nikwangue rangi mpaka chuma king'ae,
kwani ardhi haikubali kushikwa juu juu.
Halafu bisibisi ikateleza.
Cheche! Ya buluu, ndogo, yenye kisirani.
Sleyum akatoa shahada,
mimi nikakumbuka kuwa betri hatukuichomoa.
Tukatazamana.
Hatukumwambia mtu.

Mama alikuwa kibarazani, kwenye kiti chake,
ameegemeza kiganja ubavuni mwa gari
kama mtu anayemtuliza punda.
Masikio yake yamekuwa yakihama kidogo kidogo:
ilianza simu, likafuata birika,
mwishowe sisi.
Kifaa cha sikio kakificha kwenye kopo la iliki,
anasema kinamtukana.

Saa saba kasorobo.
Fyuzi mahali pake. Taa ya amplifaya, kijani.
Sikutafuta muziki wa maana,
niliweka ngoma tupu, ya kujaribia,
dum,
kimya,
dum dum.
Kibao cha namba kikatetemeka.
Paka akaruka ukuta wa jirani.

Na mama akainua kichwa.
Akaurekebisha mtandio wake, haraka,
vile wanavyofanya wanawake wakisikia mgeni.
Kiganja bado kipo kwenye bati.
"Nyinyi," akasema, "hamsikii?
Kuna mtu anabisha hodi."

Sleyum akanyoosha mkono apunguze.
Nikamshika.

"Karibu!" mama akaita, kwa sauti ile ya zamani
iliyokuwa ikivuka nyumba tatu.
"Karibu, pita, kahawa ipo!"

Dum, ikajibu buti.
Dum dum.

Nilikuwa na skrubu mbili mkononi, zimebaki,
mpaka leo sijui ni za wapi.
Nikazitia mfukoni,
nikaenda, nikafungua geti.
Nje hapakuwa na mtu,
taa za barabarani tu, na joto.
Nikaliacha wazi.